Mstari wa Mjomba Kwenye Kanzu Nyeupe

Tak! Halafu kimya.

Cheche hakuhitaji kuona ili ajue. Alikuwa upande wa pili wa ukuta, amepiga magoti mbele ya geti la mteja, miwani nyeusi ya kuchomelea imemziba macho na dunia nzima ni giza, lakini sauti ile aliijua tangu enzi za kulala chini ya meza ya kukatia. Cherehani ya mama yake ikienda vizuri huimba wimbo mmoja usiokatika. Ikisema tak na kunyamaza, sindano imevunjika. Na hii ilikuwa ya nne tangu Jumatatu, na leo ni Jumatano tu.

Akavua miwani, akazima mashine, akaingia.

Mama alikuwa ameinama, anapapasa sakafu kwa kiganja, polepole, kama mtu anayebembeleza paka asiyeonekana.

"Mama, acha. Utajichoma."

"Niko kazini, Cheche. Rudi kwenye moto wako."

"Kipande kiko karibu na mguu wa kiti. Mkono wako wa kushoto."

"Nimekiona," akasema mama, na mkono ukaenda kulia.

Cheche akakiokota mwenyewe, akakitupa kwenye kopo la takataka kwa hasira, kana kwamba sindano ndiyo yenye makosa. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali ya wilaya kwa wiki moja tu. Wangeondoka Ijumaa, na wasingerudi hadi mwaka mwingine. Karatasi ya mama, yenye jina lake na muhuri, ilisema Alhamisi, saa mbili asubuhi. Kesho. Na mama alikuwa amekataa.

Alikataa kwa sababu ya kundi lake la maombi. Walijiita Wenye Taa, na kiongozi wao, Mzee wa Taa, alikuwa amewafundisha kwamba Bwana anarudi kabla mwaka huu haujaisha. Mama alikuwa akiwashonea kanzu nyeupe kumi na mbili za kumpokelea. Kumi na moja zilikuwa tayari, zimening'inia ukutani kama watu waliofika mapema mkutanoni. Iliyobaki ilikuwa ya Mzee wa Taa mwenyewe. Kitambaa chake kilikuwa kimetandazwa mezani, kimeshachorwa kwa chaki ya bluu, kipande cha mwisho cha jora.

"Kesho saa mbili, mama."

"Kesho nina kanzu ya mzee."

"Kanzu si inaweza kungoja?"

"Na Bwana naye nimwambie angoje?" Mama akakaa, akajipangusa magoti. "Nikapasuliwe jicho la kutumia miezi mitatu? Akija napewa mwili mpya, na macho yakiwa humo humo. Wewe uliona wapi fundi anatia kiraka kwenye nguo inayokwenda kutupwa?"

"Mama, ufalme hauko kituoni unasubiri gari. Umeshafika! Mgonjwa akitibiwa, ndio huo. Mwenye njaa akila, ndio huo. Yesu alipokutana na vipofu hakuwaambia wavumilie mpaka atakaporudi. Aliwafungua macho pale pale barabarani."

"Kwa hiyo daktari wako ndiye Yesu?"

"Sijasema hivyo!"

"Umesema umeshafika. Basi jana umeme ulipokatika, mfalme alikuwa wapi? Maana matusi uliyotoa, hata majirani walifunga madirisha."

Cheche akauma meno. Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Alikuwa na hoja zilizonyooka kama nondo, na mama alizipinda kwa sentensi moja, tena bila kuinua sauti. Wiki mbili sasa. Usingizi ulikuwa umempaa. Akiwa kazini alijikuta anabishana na geti.

Ndiyo maana alikuwa amemwita mjomba.

Mjomba alikuwa mdogo wake mama, mpima ardhi mstaafu, mtu wa kuchomeka shati hata siku ya kufua. Kanisani kwake alifundisha darasa la watu wazima, na mama alimsikiliza kuliko alivyomsikiliza mwanawe. Aliingia saa tisa kamili, akavua kofia, akaanza vizuri sana.

"Dada, shikamoo. Kesho nenda hospitali. Bwana haji mwaka huu."

Mama akamgeuzia sikio. Cheche akashusha pumzi. Hatimaye!

"Haji," mjomba akaendelea, "kwa sababu bado kuna mambo hayajatimia. Kwanza injili ifike kila taifa. Halafu dhiki kuu, miaka saba. Ndipo anashuka, anaketi kwenye kiti cha enzi hapa hapa duniani, anatawala miaka elfu moja. Yote yana mpangilio, dada. Una muda wa kutosha wa kuvaa hata miwani."

Hapo Cheche angekaa kimya, mambo yangeisha. Mtu yeyote mwenye akili timamu angekaa kimya. Lakini kile kiti cha enzi kilimkera kama kokoto ndani ya kiatu.

"Cha mbao au cha chuma, mjomba?"

"Nini?"

"Hicho kiti. Niambie kipimo nikakichomelee, tusije tukachelewa."

"Wewe kijana, usilete mzaha kwenye maandiko!"

"Mzaha ni kumngoja mfalme miaka elfu wakati amesimama mlangoni kwako na viatu vimetoboka, anaomba maji!"

"Huyo ni jirani! Ufalme ni ufalme! Wewe ukisikia habari za tunda unasema umeshalila, ukisikia za mvua unasema umeshalowa. Kila kitu kwako ni mfano wa kitu kingine. Mimi nimepima ardhi miaka thelathini. Kitu kisichochoreka hakipo!"

"Chora basi!" Cheche akanyakua chaki ya bluu kwenye dirisha, akamtia mjomba mkononi. "Chora tuone!"

Mjomba akainamia meza akachora. Mkono wake ulikuwa bado wa kazi, haukutetemeka. "Hapa ndipo tulipo. Hapa dhiki, inapanda. Hapa anashuka," na mstari ukaporomoka chini, "na kutoka hapa, miaka elfu, inanyooka mpaka mwisho." Mstari ukakata meza nzima, wa bluu, mzuri kweli. Cheche akaanza kuutafutia kasoro, mjomba akaanza kuutetea, na hakuna kati yao aliyefikiria walikuwa wamechora juu ya nini.

Mama alikuwa dirishani amewapa mgongo, anapitisha uzi kwenye sindano mpya kwa ulimi na bahati. "Tokeni," akasema. "Mmenijaza kichwa. Kapigianeni kelele nje, mimi nataka kukata."

Wakatoka. Uani ubishi ukapamba moto. Mjomba akahesabu dhiki kwa vidole, Cheche akamuuliza hao wanaolala nje kila siku wako kwenye dhiki ya ngapi. Mjomba akapangusa kofia isiyo na vumbi. Cheche akajisikia mrefu. Ndani, mkasi ulikuwa ukienda, krach, krach, kwa mwendo mmoja uliotulia, naye akafurahi kuusikia. Mama akikata, hasira zimeisha.

Mkasi ukasimama.

"Mbona kwapa limeshuka mpaka kiunoni?" Mama aliuliza peke yake, kwa sauti ndogo.

Cheche akaingia mbio. Mama alikuwa ameshika vipande viwili, anapitisha kidole kwenye ukingo. Ukingo ulipanda kidogo, ukaporomoka, kisha ukanyooka katikati ya kifua mpaka kwenye upindo.

Mjomba akabaki mlangoni. "Dada... huo ulikuwa mstari wangu."

"Mstari wa nini?"

"Wa nyakati."

"Niliona bluu." Mama akakiweka kitambaa chini, akakinyoosha, kama bado kinaweza kusaidiwa. "Nami nilikuwa nimechora kwa bluu. Nikaufuata. Miaka thelathini na mbili, nimewavisha maharusi na nimewavisha maiti. Sijawahi kuharibu kitambaa cha mtu."

Maneno yakampanda Cheche mpaka kwenye meno. Akajaribu kuyazuia, yakaponyoka. "Mama, si unaona sasa..."

"Sioni," mama akasema. "Ndiyo, Cheche. Sioni. Umefurahi?"

Chumba kikawa kidogo. Cheche alitamani mjomba aseme lolote, hata la miaka elfu.

"Nani alimpa chaki?"

"Mimi."

"Nilijua." Mama akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. "Wiki mbili wewe, na leo mjomba wako, mnanigombania kama kiwanja. Huyu anasema ameshafika, huyu anasema bado sana. Hakuna aliyeniuliza kama naogopa."

"Unaogopa, mama?"

"Kisu! Mtu aingize kisu kwenye jicho nami niko macho, nani asiogope? Na nikiwa nimelala pale parapanda ikalia, wenzangu watasema niliiacha taa nikaenda zangu." Akanyoosha kidole, kikamkosa mjomba kikaelekea mlango. "Na anakuja mwaka huu. Msijidanganye kwamba mmenishinda."

Kwenye ule mlango, nyuma ya mjomba, pakabishwa hodi. Ni Mzee wa Taa, amekuja kujaribu kanzu yake. Mtu mrefu, mwenye sauti laini na viatu visivyojua matope. Mama akamwinulia vipande viwili bila kueleza.

Mzee akavigeuzageuza. "Shetani anapigana na kanzu hizi, fundi."

"Si shetani, mzee. Ni mdogo wangu."

"Jumapili tunavaa. Na kitambaa kimekwisha." Akamtazama Cheche, akamrudia mama. "Nasikia kuna karatasi ya hospitali. Uliniambia huendi. Anayehangaikia macho ya dunia hii, mama, anakuwa kama..."

"Kwa mujibu wa maandiko..." mjomba akaanza.

Cheche naye alikuwa na lake, zuri, kali, limeshachongwa tayari. Akalishika ulimini likamchoma kama cheche ya kweli, akalimeza. Liliuma kuteremka.

Mama alikuwa amesimama, futi mkononi. Akamwendea Mzee wa Taa, akampima kwa vidole zaidi ya futi: bega, mkono, kifua, urefu. Alinong'ona namba moja moja akizihifadhi kichwani. Mzee akabaki amenyoosha mikono, hajui aishushe lini. Mama alipomaliza, akaining'iniza futi shingoni, akainua uso wake mpaka ukamwelekea mzee sawasawa.

"Nasema mbele ya hawa wawili wasikie. Kitambaa wataleta wao. Kesho saa mbili nafunguliwa jicho, na siku nitakayotolewa bandeji nitakukatia kanzu yako upya, kwa mstari wangu mwenyewe. Bwana akija kabla sijamaliza, nitasimama mbele yako, nimwambie huyu hana kanzu kwa kosa langu, si lake. Nakuahidi, mzee."