Kona Iliyofumuliwa

Nilipokuta tena mto wa kochi umefumuliwa kona na kushonwa upya, niliuweka mezani nikautazama kama askari anavyotazama kitasa kilichovunjwa. Mshono ulikuwa wangu pande zote isipokuwa kona moja. Pale uzi ulikuwa umepakwa nta, na katika karakana yetu anayepaka uzi nta ni mmoja tu: baba yangu.

Baba ni fundi makochi tangu sijazaliwa. Yeye huunda fremu na kukata sponji. Mimi, tangu nirudi na diploma yangu ya ushonaji, nashona kava. Mbele, kwenye meza ya wateja, hukaa shangazi, dada yake baba, ambaye tumempa jina la Redio kwa sababu hazimiki. Watu watatu, chumba kimoja, vumbi la sponji mpaka kwenye chai.

"Anakusahihisha," Redio aliniambia bila kuulizwa. "Ndivyo alivyo. Hata mimi nikifagia, anafagia tena."

Maneno hayo yalinichoma, maana ndiyo niliyokuwa nayo moyoni. Na fundi wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameniahidi cherehani mpya na meza yangu mwenyewe. Jibu alilitaka siku hiyohiyo. Nilishajipanga: nitamkabili baba, nitamuuliza kwa nini haniamini, kisha navuka barabara.

Swali nililifanyia mazoezi huku najaza uzi kwenye bobini. Baba, kwa nini huniamini? Kadiri nilivyolirudia ndivyo lilivyozidi kunikera, mpaka nikang'amua kasoro yake. Halikuwa swali. Lilikuwa hukumu iliyovishwa alama ya kuuliza. Hata angejibu nini, mimi miguu yangu ilikuwa tayari ng'ambo.

Basi nikaanza na mimi mwenyewe: unajua nini hasa, bibi wee, na umejitungia nini?

Nilichojua kilikuwa kidogo: kona imefumuliwa. Nilichojitungia kilikuwa riwaya nzima. Nikaenda kwenye rafu kukagua mito mingine, na hapo hasira ikaanza kunitoka, hamu ya kujua ikaingia. Mito ya mviringo haikuguswa. Ya zipu haikuguswa, ingawa mmoja nilikuwa nimeushona ovyo na mwenye kiu ya kusahihisha angeanza na huo. Mfumuaji alichagua kona za mraba tu, zile ninazozikunja kwa ndani ili sponji isivimbe na kutoa shavu. Kazi yangu nzuri kuliko zote. Sasa mtu gani anayesahihisha kilichonyooka akaacha kilichopinda?

Baba akaingia na misumari midogo mdomoni, kama kawaida yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Profesa," akaitikia kwa pembe ya mdomo.

"Baba, ukiifumua hii kona, huwa unatafuta nini?"

Redio ikazima.

Misumari ile ndiyo mlango wa baba. Asipotaka kuongea, anaiongeza. Nikaona mkono wake unaelekea kwenye kopo la misumari, nami kabla sijafikiri nikamkingia kiganja chini ya kidevu. Akaniangalia. Nikaendelea kukinga. Akaidondosha, mmoja mmoja, ina joto na mate.

"Fundo," akasema.

"Fundo gani?"

"La uzi wako. Nikikunja mimi, kona inatoa shavu. Yako haitoi. Nafungua nione fundo umelificha wapi, nikishafungua limepotea."

"Si ungeniuliza tu?"

"Nikuulize wewe? Mimi niliyekufundisha kushika sindano?" Akafuta midevu. "Na wewe uliyekuwa unanuna hapo kama mgeni aliyenyimwa kiti, mbona hukuuliza?"

"Nilidhani najua."

Akacheka kwa pua, akavuta stuli. "Haya, onyesha. Polepole. Usiende mbio kama unafukuzwa."

Nikakunja kona, nikapitisha sindano, nikaurudisha uzi ndani ya mkunjo wenyewe mpaka ukajikaba. Baba aliinamisha kichwa hadi kipara chake kikanizibia mwanga.

"Fundo liko wapi?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Uzi unajibana wenyewe, baba."

"Asubuhi zote hizo natafuta kitu ambacho hakipo!" Akanipokonya sindano. "Sogea huko, nijaribu."

Mchana fundi wa ng'ambo akasimama mlangoni, mikono mfukoni. "Vipi binti, unahamia lini?"

"Sihami. Nina mwanafunzi," nikamwambia. "Kona bado hajaziweza."

Baba hakuinua kichwa, ila masikio yake yalicheka.

Fundi alipoondoka, Redio ikawaka kwa sauti ya juu. "Umemtemesha kaka yangu misumari! Kama mtoto aliyeokota kokoto! Mzazi anahojiwa hivyo? Ndiyo mliyofundishwa huko kwenye diploma?"

"Alikuwa na jibu mdomoni, shangazi. Lilizibwa na misumari."

"Usinichekeshe. Simama hapo, umuombe baba yako radhi."

Nikamtazama baba. Alikuwa amezama kwenye kona yake, anauvuta uzi taratibu, anajifanya hasikii. Mdomoni hakukuwa na kitu.

"Siombi," nikasema.

"Eti?"

"Siombi radhi, shangazi. Wala leo, wala kesho."