Mayai ya Thyra

Nilimwambia mume wangu, Asger, kwamba nitailisha nyumba yetu kwa kroni elfu moja kwa wiki, na kila tutakachokula kitatoka hapahapa kisiwani Langeland, Denmark. Alicheka hadi kahawa ikampalia. Vyakula vya wakulima wa hapa, alisema, ni vya watu wa Copenhagen wenye nyumba za likizo. Mimi ukinicheka umenichokoza. Tangu Agosti nikawa naandika kila senti kwenye kalenda iliyobandikwa mlangoni mwa friji: kabichi, mkate, nyama ya nguruwe, samaki wa bandarini. Kila wiki nilibaki chini ya elfu.

Mayai na viazi sikuviandika. Hivyo vililetwa na mama mkwe wangu, Ingeborg, aliyerudi kijijini Aprili baada ya miaka mingi mjini, akahamia kwetu. Kila asubuhi alijifunga kitambaa, akabeba kikapu, akaenda kwenye kibanda cha jirani yetu Thyra kando ya barabara.

"Nikupe hela, mama?" nilimuuliza siku za mwanzo.

"Za nini? Hayo niachie mimi."

Nikamwachia, tena kwa furaha. Vibanda vyetu havina muuzaji: unachukua unachotaka, unatumbukiza hela kwenye kopo, unaenda zako. Hakuna anayekuchunga.

Mwisho wa Oktoba tulikuwa ukumbini, kwenye chakula cha pamoja cha kijiji. Nikajisifu. Sijui nani alinituma. Nilisema meza nzima isikie: watu watano, kroni mia nane arobaini kwa wiki! Thyra, rafiki yangu ambaye watoto wetu wamekua pamoja, aliweka uma chini.

"Na mayai unanunua wapi, Gudrun?"

"Kwako. Wapi tena?"

"Basi ajabu. Mayai yanakwenda, viazi vinakwenda, hela haiji. Nilikuwa nawalaumu watalii. Watalii wameshaondoka."

"Unaniita mwizi?"

"Sijataja jina la mtu. Ila mkesha wa Morten ukipita, kibanda nakifunga. Mama alikifungua, mimi nitakifunga." Mkesha huo ni Novemba kumi, usiku ambao huku kwetu kila nyumba hula bata.

Kwetu watu hawagombani hadharani. Wananyamaza, na heri wangenitukana. Waliinamia sahani zao, na nikajua kuanzia kesho hakuna kibanda nitakaposimama bila pazia la mtu kusogea.

Garini, tulipofika njia panda, Asger alipunguza mwendo. "Gudrun, niambie tu. Ilikuwa mzaha, yale mambo ya elfu moja. Sitakasirika."

"Hata wewe?"

Alibadilisha gia, macho barabarani. Iliniuma kuliko maneno ya Thyra, maana huyu analala ubavuni mwangu. Na ndipo, katikati ya hasira, nikakumbuka kikapu.

Asubuhi nilimfuata Ingeborg kwa mbali, nikiomba Mungu niwe nimekosea. Alichukua trei ndogo ya mayai na mfuko mdogo wa viazi. Akalipiga kopo vikofi viwili vya mapenzi, akageuka kuondoka.

"Mama! Hujalipa!"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyejua adabu za kijiji. "Nalipa mkesha wa Morten. Mimi na Kirstine ndivyo tulivyo. Anakuja, tunakula bata, tunalipana."

Kirstine ni mama yake Thyra. Tulimzika zamani, na Ingeborg alilia kaburini kuliko sisi sote.

"Kirstine hajambo?" niliuliza.

"Miguu tu inamsumbua. Ndiyo maana simwoni."

Nilimshika mkono, nikamrudisha nyumbani polepole. Kisha nikamweleza Asger. Nilichukua kalamu, nikaandika mayai na viazi vyote tangu Agosti. Hakuna wiki hata moja iliyobaki chini ya elfu. Asger aliisoma kalenda na hakucheka.

Thyra alinifungulia mlango nusu. Nilisema yote palepale kizingitini, hela za tangu Aprili mkononi. Nilipotaja jina la mama yake alikaa chini, kwenye benchi la viatu.

"Anadhani yupo?"

"Anadhani miguu inamsumbua."

Alitazama zile hela. "Rudi nazo," alisema. "Mpe Ingeborg. Nitakuja kulipwa mkesha wa Morten."

Mkesha wa Morten nilichoma bata nikiwaza. Je, kama Ingeborg akimtambua Thyra? Je, kama akiuliza mama yuko wapi, mbele ya wajukuu? Mlango ukabishwa. Thyra aliingia na nguo zake za kila siku, nywele zake zilizoanza mvi. Ingeborg alimkazia macho. Asger aliacha kukata nyama.

"Umechelewa, Kirstine," alisema Ingeborg. "Bata anapoa."

Thyra aliinama, akashika goti. "Nisamehe, Ingeborg. Miguu hii."

"Kaa basi."

Baada ya kula, Ingeborg alifungua leso yake, akaziweka hela moja moja kwenye kiganja cha Thyra. Thyra alizihesabu bila haraka, machozi yakimdondoka, hata hakuyafuta.

"Zimetimia," alisema.

"Basi kesho asubuhi nakuja kuchukua mayai."

"Njoo," Thyra akajibu. "Utayakuta."