Mapigo ya Mkono wa Dada

Waliotoka chumbani kwa Mama Mizizi walitoka vinywa wazi. Mwanamke yule alitibu kwa Ayurveda, ile tiba ya kale ya Wahindi, kwa mitishamba na yoga. Akikushika mkono kwa vidole vitatu kusikiliza mapigo, macho kayafumba, anakutajia maradhi yako nawe hujasema neno. Mfanyakazi wake, ambaye kazi yake ilikuwa kuchemsha mizizi, kukunja mikeka na kukaribisha watu, naye alishangaa. Miezi miwili ya mwanzo tu, lakini. Kisha akaanza kutega masikio.

Dereva mmoja alimsimulia pale kwenye benchi kwamba hapati usingizi tangu afiwe na mama yake. Kuingia ndani, mapigo yakasema: usingizi, msiba. Mshona nguo akalalamikia bega. Mapigo yakasema bega. Lakini fundi mwashi aliyekaa kimya kama gogo aliambiwa tu ana gesi. Nani hana gesi? Na kati ya benchi na chumba palikuwa na ubao mwembamba. Ukipiga chafya huku, unaambiwa pole kule.

Angenyamaza, maana kazi ni kazi. Ila Jumatatu alikuja dada yake, mgonjwa wa sukari mwaka wa kumi na mbili, akatoka anang'aa.

"Mdogo wangu, yule si mtu wa kawaida! Kajua sukari, kajua ganzi ya miguu. Mimi na sindano sasa basi."

"Dada, hiyo miguu si ulinihadithia hapa hapa kwenye benchi?"

"Nilikuhadithia wewe, sikumhadithia yeye. Una wivu tangu utotoni."

Alhamisi dada akarudi. Alipokwenda msalani, mdogo mtu alimgeukia yule mshona nguo wa bega, aliyekuwa akisubiri zamu kwenye benchi, akapaza sauti kidogo.

"Dada yangu namhurumia. Kaanguka kwenye ngazi, kaumia nyonga ya kulia, na hataki kusema."

Nyuma ya ubao, mchi uliokuwa ukitwanga ukanyamaza.

Dada akaingia. Mdogo mtu akabaki anakunja mkeka ule ule mara ya tatu. Atatoka kanuna, alijiambia, na sindano atairudia.

Alitoka anacheka.

"Kaniambia nyonga ya kulia, nimeanguka kwenye ngazi!"

"Na hujaanguka."

"Nianguke wapi? Nyumba yangu haina hata kizingiti! Ndiyo maana nakwambia, kaiona ajali kabla haijanifika. Kuanzia leo ngazi sipandi."

Mdogo mtu aliuweka mkeka chini.

"Dada, hizo ngazi nimezitunga mimi. Sasa hivi, ulipokuwa msalani. Muulize huyu."

"Kweli, mama," mshona nguo akasema. "Nilishakupa na pole moyoni."

Pazia likafunguka. Mama Mizizi, mchi mkononi, alimtazama mfanyakazi wake, kisha akautazama mlango wa nje.

Dada mtu aliketi polepole. Kicheko kilimkauka.

"Mbona hukuniambia kwa upole?"

"Nilikuambia Jumatatu. Sindano unachoma?"

Dada mtu akainamia miguu yake.

"Dada!"

"Niliacha juzi. Nakunywa maji, nakunywa maji, kiu haiishi. Nikadhani ndiyo dawa inasafisha mwili."

Mdogo mtu akavua aproni, akaitupa juu ya mikeka, akamwinua dada yake kwa kumshika kwapani.

"Hospitali. Sasa hivi."

"Taratibu basi, usinivute kama mbuzi."

"Nitakuvuta mpaka mbele ya daktari. Tembea."