Miwani ya Mjomba Kwanini

Kwenye redio, Mjomba Kwanini hakuwa na mpinzani, na anayebisha abishe. Kila Jumamosi jioni watu waliacha walichokuwa wakifanya ili wamsikie akieleza kwa nini mwezi hutufuata tukitembea, kwa nini kidonda kinachopona huwasha, kwa nini glasi nene ndiyo inayopasuka kwa maji ya moto. Picha hakuwa nayo, alikuwa na mdomo tu. Akitaka ujue radi inatokea wapi, alitikisa kipande cha bati mbele ya kipaza sauti, halafu anakuuliza taratibu, "Umeiona?" Na wewe na akili zako timamu unaitikia jikoni peke yako, "Nimeiona!"

Basi ikaja televisheni. Wakubwa wa kituo wakasema mtu maarufu kama huyu haiwezekani akose kuonekana. Wakamwingiza kwenye chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu, wakamwashia taa zenye joto la kuokea mkate, na mama mpambaji akawa anampaka poda kwenye upara kila baada ya dakika mbili. Mzee wa watu alitota jasho. Lakini nyumbani alinunua seti, ya kwanza mtaani kwao, akaiweka sebuleni. Redio yake ya zamani ikapandishwa juu ya kabati, ikafunikwa kitambaa, ikasahauliwa huko.

Mwaka huohuo jua likawa linakaribia kupatwa. Wiki nzima redioni Mjomba aliimba wimbo mmoja: lipeni jua mgongo. Toboa kadi kwa sindano, acha mwanga upite kwenye kitundu uangukie karatasi, utazame sura ya jua hapo kwenye karatasi. Ukishindwa kabisa kujizuia, tafuta kioo cheusi cha mafundi wa kuchomelea vyuma. Aliyasema mpaka mkewe akamwambia, "Jamani baba, tumesikia!"

Siku moja kabla, ikawa zamu ya televisheni. Taa kubwa ndiyo ikafanywa jua. Mjomba akaigeuzia mgongo taa ile na kadi yake mkononi.

"Kata!" mwongozaji akapiga kelele. Kijana mwenyewe wa haraka haraka, kila kitu kwake kimechelewa. "Mzee, ukitupa mgongo mtazamaji aone nini? Shati?"

Wakajaribu kioo cha kuchomelea. Kwenye skrini uso ukatoweka, pakabaki kiraka cheusi na masikio mawili.

"Mjomba umekuwa jambazi!" mpiga kamera akasema, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Hakucheka. Kuchekwa hakukuwa desturi yake. Mwongozaji akampokonya mama mpambaji miwani yake ya jua, ile ya kuvaa mtu akienda matembezini. "Vaa hizi. Hizi zinaonekana."

"Hizi hazizuii kitu, bwana. Mtu akitazama jua na hizi ataungua macho."

"Kwani wewe unatazama jua? Si taa hiyo? Maneno yako sema yaleyale, usipunguze hata moja. Picha niachie mimi."

Hapo ndipo alipotakiwa kuvua kipaza sauti aende zake. Lakini alijiona kwenye ile skrini ndogo, na tusifichane, miwani ilimkaa. Alionekana mtu. Akainua uso kwenye taa, akatabasamu, na akasema maneno yote ya kadi na sindano na kioo cha fundi, bila kosa. Alijipa moyo kwamba anayesikia atasikia.

Nani asikie? Sebule yake jioni ile ilijaa watoto wa mtaa mzima, wengine wamebandika pua dirishani kwa nje. Kila uso wake ulipotokea walipiga mayowe. Aliporudi nyumbani binti yake wa mwisho, mwenye miaka tisa, waliyemwita Chiriku kwa kuwa mdomo haufungwi, alimrukia mlangoni. "Baba ulipendeza na miwani! Wote wamesema!" Kichwa kikavimba. Mchawi wa maneno yule hakuuliza walichosikia.

Kesho yake mama yake Chiriku alikuwa kazini. Mjomba alikuwa juu ya paa la kituo cha redio, anawasimulia wananchi jinsi jua linavyomegwa, na kila alipovuta pumzi anawakumbusha: mgongo, ndugu zangu, mgongo. Nyumbani redio ilikuwa kimya chini ya kitambaa chake. Chiriku alichukua miwani ya jua ya mama yake, akatoka uani, akainua uso na kutabasamu vilevile kama baba yake. Alitazama sana. Alitaka jioni amhadithie.

Asubuhi iliyofuata alimimina chai pembeni ya kikombe.

"Baba, kuna doa. Nikiangalia kikombe, kikombe hakipo."

Mjomba alisogea karibu. Akamziba jicho moja, kisha la pili. "Niangalie puani, mwanangu. Unaona nini?"

"Masikio." Chiriku akacheka. "Una masikio, uso huna!"

"Linauma?" mama akauliza, birika bado mkononi.

"Haliumi."

"Afadhali basi."

"Si afadhali, mama watoto." Nyuma ya jicho hakuna maumivu, hata pakiungua. Alishaieleza hiyo redioni, kipindi kizima, na watu walikipenda sana. Mkewe alimtazama, akaiona miwani yake kwenye meza, na hakuhitaji kuelezwa. "Wewe ndiye uliyemvalisha," akasema.

Hospitalini daktari wa macho alimtoa mtoto nje kwanza. Alisema kidogo pengine patarudi pembeni pembeni, ila pale katikati pameungua, na kilichoungua huko hakina dawa. Mjomba aliitikia kwa kichwa. Hakuna lolote hapo ambalo hakulijua.

Alitoka akamshika Chiriku mkono. "Pole pole, mwanangu, kuna ngazi."

"Hiyo sauti!" mtu akasema kwenye benchi. "Huyo si Mjomba Kwanini?"

Benchi zima likageuka. Walikuwa wengi, vijana, mama mmoja na mwanawe, mtu wa makamo mwenye miwani ya jua imelala mapajani. Hakuna aliyemtazama usoni sawasawa. Kila mmoja aliinamisha kichwa upande, akimtafuta kwa pembe ya jicho, kama Chiriku alivyoanza kufanya tangu asubuhi.

"Mjomba, tulifanya kama ulivyotuonyesha," yule wa makamo akasema, bila hasira, kwa heshima zote. "Sasa hebu tuambie, hili doa linatoka lini?"

"Waambie, baba," Chiriku akasema kwa fahari. "Baba yangu anajua kila kitu."

Jibu alilijua. Neno lilikuwa moja tu, na maishani mwake hakuwahi kumdanganya msikilizaji. Alitazama zile nyuso zilizopinda, akatazama kichwa kidogo kilichoegemea ubavuni mwake.

"Litatoka," akasema. Sauti ikatoka ileile ya Jumamosi, nzito, tulivu. "Mnapumzisha macho tu. Litatoka lenyewe."

Benchi likashusha pumzi. Mtu akacheka. Mama yule akamfunga mwanawe kifungo cha shati na kusimama. Wa makamo akasimama pia, akamshukuru, akapapasa ukuta kuufuata mlango. Foleni yote ikaanza kwenda nyumbani. Mjomba alitaka kuwaita. Alipiga hatua moja, lakini Chiriku alikuwa amemng'ang'ania mkono.

"Nilijua tu!" Chiriku akasema, anarukaruka. "Lini, baba? Kesho?"

Alimwinulia uso, akageuza kichwa huku na huku akimtafuta. Hakuona kwamba baba yake analia.