Gari la Mirindi Lililokataa Kuteleza

Mirindi wa Shively, kule Louisville, alikuwa ameendesha gari Marekani miaka minne bila kugonga hata pipa la taka, na jambo hilo lilimfanya awe mshauri wa kila mtu. Januari, aliponunua gari dogo jekundu, ushauri ukazidi. Muuzaji alimwambia lina mtambo wa kulisaidia lisiyumbe. Kufikia Jumapili, nje ya kanisa, mtambo ulikuwa umekua: gari la Mirindi sasa halikuweza kuteleza hata kidogo.

"Hata ukilazimisha iteleze, inakataa," aliwaambia wanakwaya. Wawili walimwamini.

Februari, Sandrine, binti wa marehemu kaka yake, alikuwa anaolewa Buffalo, na Mirindi, baba mdogo, ndiye aliyetakiwa kumpeleka madhabahuni. Siku moja kabla, aliendesha hadi Whitehall, pembeni mwa Columbus, akalala kwa dada yake mkubwa, Dafroza, ili waondoke pamoja asubuhi.

Dafroza hutunza wazee majumbani mwao, na alikwisha kuendesha majira manane ya baridi ya Ohio. Asubuhi aliinama kando ya gari jekundu, akapitisha kidole gumba juu ya tairi. Lilikuwa laini kama sahani.

"Mirindi, mapine imeisha. Twende na gari yangu. Iko na mapine ya baridi."

"Yaya, dada yangu, tufike kwa harusi na gari ya kutu? Hii iko na kompyuta. Pine ni mupira tu."

Dafroza akaingia, akapakata sufuria ya sombe, majani ya muhogo aliyompikia bibi harusi, akafunga mkanda, kisha akaomba Mungu kwa sauti ya kusikika.

Hadi Cleveland barabara ilikuwa kavu, na Mirindi alieleza mengi. Baada ya Erie, mji ulio kando ya ziwa, theluji ikaanza kumwagika kutoka ziwani. Magari mengine yakapunguza mwendo. Kwenye dashibodi kikawaka kitaa cha manjano chenye picha ya gari na mistari miwili iliyopinda, kikawa kinapepesa.

"Taa gani hiyo?"

"Kompyuta inafanya kazi. Donc, ni kusema inaniambia naendesha muzuri."

Kitaa kilizidi kumsifu, mpaka sifa zikamchosha. Akaona kitufe chenye picha ileile, akakibonyeza kwa muda. Kitaa kikaacha kupepesa, kikabaki kimewaka.

"Umeona? Imetulia."

Kwenye kona ndogo iliyofuata aligusa breki. Sehemu ya nyuma ya gari ikachomoka kando. Gari likageuka polepole, kama mtu aliyekumbuka kwamba hakufunga mlango nyumbani, likaelekea Columbus, kisha likaingia mtaroni kinyumenyume na kusimama ndani ya theluji. Hakuna aliyeumia. Nusu ya sombe ilikuwa kwenye shati jeupe la Mirindi.

Dafroza alitafuta kifuniko cha sufuria.

"Pengine kompyuta iko na virusi," Mirindi alisema.

Dafroza alimpigia simu rafiki yake tangu kambi ya wakimbizi, mwanamke aitwaye Florida, anayeishi Buffalo. Baada ya saa nzima Florida alifika kwa kigari kidogo kuliko kile chekundu, mmoja wa milango yake una rangi tofauti. Walipiga simu ili gari jekundu lije livutwe, Mirindi akakunjwa kwenye kiti cha nyuma. Kigari kilipanda barabarani bila hata kusitasita.

"Hii iko na kompyuta gani?" Mirindi aliuliza.

"Ni kama ya yako tu," akajibu Florida, ambaye Dafroza alikwisha kumsimulia yote. "Ile taa ikipepesa, inakuambia unateleza. Kompyuta inaweza kushika breki ya gurudumu moja, inaweza kupunguza nguvu ya motere. Bon. Lakini kinachoshika barabara ni pine. Pine ikikataa kushika, kompyuta itashika na nini? Na wewe ukaizima."

"Sikuizima. Niliipumuzisha."

Harusi ilikuwa ya saa nane. Waliingia kanisani saa tisa kasoro robo. Sandrine alimtazama baba yake mdogo, akatazama madoa ya kijani, akafunga koti la Mirindi vifungo vyote bila kumwuliza kitu. Alilia kidogo, kwa hasira au kwa furaha, kisha akamshika mkono, na Mirindi, kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakumshauri mtu. Alitembea naye taratibu, akimwaza kaka yake.

Hali hiyo ilidumu hadi chakula kilipoliwa. Alipopewa kipaza sauti awashauri maharusi, alizungumza dakika ishirini juu ya tairi: mpira unaobaki laini kwenye baridi, kwa nini ubadilishe zote nne, na ujinga wa watu wanaotegemea kompyuta.

"Miye niliwaambia hawa wamama," alisema, "lakini hawakusikia."

Florida akaacha uma juu ya sahani. Dafroza alikwisha kusimama, akimwashiria mpiga kinanda aanze.