Pete ya Betri

Tangu pete mpya iingie, presi ilikuwa imeacha kulia. Sebahire na wenzake wawili waliusukuma mtaimbo kuizunguka, parafujo kubwa ikashuka kimya ndani ya pipa, ikayakandamiza matunda ya michikichi yaliyochemshwa tangu alfajiri, na mafuta mekundu yakaanza kutiririka kwenye bati.

"Presi ya Sebahire imeokoka," alisema Mama Joséphine-Marie, akichochea moto chini ya sufuria ya pili. "Zamani ilikuwa inapiga kelele kama mulevi. Sasa iko kimya kama mulokole mu ibada."

"Ungefunga mudomo kama ile presi, bwana yako angenenepa," mwanamke mwenzake akamjibu, na wote wakacheka.

Sebahire alicheka pia, maana sifa zile zilimhusu. Pete aliimimina mwenyewe.

Pete ndiyo kitu kinachoikumbatia parafujo pale juu ya pipa, isiyumbe inapozunguka. Kila presi inaila pete yake, polepole, na kila fundi wa hapa Kashebere anajua sheria yake: pete iishe, parafujo ibaki. Papa Kataliko, mwenye karakana, aliagiza pete ya bronzi kutoka kwao Butembo. Ilifika mpaka kwenye kizuizi kimoja cha barabarani, ikakaa hapo. Mwenye kizuizi aliigeuza mkononi, akadai karatasi ya madini. Dereva akamweleza kwamba ni kipande cha mashine.

"Inang'aa," yule mtu akasema. "Kitu yenye inang'aa iko madini."

Basi wakatafuta kingine. Chuma cha ekseli ya gari kilikuwepo, lakini kilikuwa kigumu kuliko parafujo, na pete ikiishinda parafujo, hakuna presi tena. Sebahire alipenda mti. Kwao Masisi, kabla vita havijawatoa mlimani, jirani yake alikuwa na presi ya jibini yenye pete ya mti mgumu, uliokaushwa juu ya jiko na kuchemshwa katika mafuta. Lakini mti wataka muda, na hapa muda haukuwepo. Waliweka kipande kibichi, kikapasuka kabla ya pipa la kwanza kwisha. Nje, matunda ya akina mama yalikuwa yameanza kuota ukungu.

Papa Kataliko ndiye aliyekumbuka betri. Zilikuwa zimerundikana nyuma ya duka lake, betri za pikipiki na za sola zilizokufa. Walizivunja, wakatoa yale madini mazito ya kijivu, wakayayeyusha kwenye sufuria kuukuu. Sebahire aliipaka parafujo masizi ili pete isiigandie, akafanya ishara ya msalaba, akamimina kuizunguka. Moshi ulimwachia ladha tamu mdomoni, kama sukari. Pete ilipopoa ilitoka laini, haina hata kovu. Papa Kataliko alimpiga begani, akasema, "Mungu haachi batu yake." Jana usiku Sebahire alipokea sehemu ya mshahara wake kwa mafuta, kama kawaida, akampelekea mkewe Nyiransabimana dumu lililojaa.

Asubuhi hii alikuwa ameona kitu kimoja tu. Pete ilikuwa imekonda. Aliipitisha kidole, kidole kikatoka na uchafu wa kijivu. Alijifuta kwenye suruali, akadhani ni majivu ya moto wa akina mama.

Jua lilikuwa limeshapanda alipofika Chef Fiston wa ijiene, mkaguzi wa afya na usafi, pikipiki yake ikiwa na dumu tupu limefungwa nyuma. Wote walilijua dumu lile. Liliitwa eshantiyo, yaani sampuli. Kila alipokuja kukagua, mafuta ya kupimwa yalilijaza mpaka shingoni, na hakuna aliyewahi kusikia yamepimwa wapi, ila jikoni kwake.

"Papa Seba, musalaba wako iko muzito leo?" alisema, akiutazama mtaimbo wa presi, akimpa mkono.

"Tunashukuru Mungu, Chef."

Chef Fiston alizunguka presi. Alitazama bati, akatazama pipa, kisha akainama chini ya pete. Akatoa ufunguo wa pikipiki, akaikwaruza. Alama ikabaki, nyeupe, inang'aa.

"Hii ni batri?"

"Njo hiyo. Bronzi ilibakia mu barrière."

"Mmh," alisema Chef Fiston. Akatoa muhuri mfukoni, akapumulia wino wake, akagonga mapipa yaliyojaa, moja baada ya jingine. Tak. Tak. Papa Kataliko, aliyekuwa amesimama mlangoni na rozari yake ndogo kidoleni, alishusha pumzi.

Sebahire alichukua dumu la mgeni bila kuambiwa, akalipeleka chini ya bati.

"Hapana, hapana," alisema Chef Fiston. "Iyo hapana. Hamuna ile ya zamani? Ile ya mbele mubadilishe pete?"

"Hii iko safi, Chef. Imetoka sasa hivi."

"Papa, sikiya. Mama Mamie, bibi yangu, iko na mimba. Siwezi ingiza kitu ile mu nyumba yangu."

"Kitu gani?"

"Mambo ya batri, papa. Inaingia mu damu. Haitoke. Inaharibu akili ya batoto, hata wenye bangali mu tumbo." Aliyasema kwa sauti ya mtu anayesema mvua itanyesha mchana. "Muko na ile ya zamani ao hamuna?"

Mkono wa Sebahire ulibaki pale pale, umeshika dumu. Alisikia mafuta yakidondoka, na kila tone lilikuwa kubwa. Macho yake yaliondoka yenyewe, yakaenda kwenye mapipa.

"Chef," alisema, "umetoka kupiga muhuri."

"Muhuri ya mashini. Mashini iko muzuri, sijaona shida."

Mwiko wa Mama Joséphine-Marie ulikuwa umesimama katikati ya sufuria.

Papa Kataliko aliingia ndani, akarudi na dumu moja la mafuta ya zamani. Alikuwa ameliweka kando kwa ajili ya masista wa parokia. Hakumtazama mtu. Akaliweka chini, miguuni mwa Sebahire, ili alipandishe kwenye pikipiki kama alivyofanya siku zote.

Sebahire hakuinama.

"Waambie hawa mama," alisema. "Chef, waambie hawa mama sababu gani unakataa mafuta yao."

Chef Fiston alicheka kidogo, kama anayecheka na mtu mlevi.

"Papa Seba, kila muntu anajua nyumba yake."

"Basi pandisha mwenyewe."

Alipandisha mwenyewe. Dumu lilimchafua shati, akatukana kwa Kifaransa, akapiga mguu pikipiki, akaenda zake.

Mama Joséphine-Marie ndiye aliyezungumza kwanza. "Sisi tulikula tangu juzi," alisema. Hakuwa akimlaumu mtu. Alikuwa akihesabu tu sufuria alizopika.

"Papa Kataliko," Sebahire alisema, "tuimwage."

Papa Kataliko aliketi juu ya gogo. Kwa ghafla alionekana mzee. "Lori ya Masisi inakuja leo, Sebahire. Nusu ya haya mafuta ni ya hawa mama. Nikimwaga, nitawapa nini? Bronzi wamenikamatia, muti umepasuka. Yule njo Leta, njo serikali, na Leta imepiga muhuri. Mimi ni nani niseme muhuri iko bongo, iko uongo?" Akaufunga mkono juu ya rozari. "Tuuze hii. Tutaweka muti, nakuapia, tutaukausha vizuri. Ila hii tuuze."

"Itauzwa kwa nani?"

Wote walijua lori lile linapeleka wapi: sokoni, na kwenye kambi ya waliokimbia vita, ambako Sebahire mwenyewe alikuwa amelala chini ya hema na familia yake kabla ya kupata kazi hii.

Sebahire alichukua nyundo. Hakuna aliyemzuia. Alipiga pete kutoka chini, ikapinda kwa urahisi kama mkate, akapiga tena, ikaanguka ndani ya pipa na kuzama. Parafujo ikalala upande, presi ikawa chuma tupu. Halafu akaegemeza nyundo ukutani, taratibu, kama kifaa cha mtu mwingine, akatoka huku lori likisimama mlangoni kupakia mapipa.

Alitaka kutembea. Miguu ikakimbia. Alisali akikimbia, lakini maneno hayakuja, lilikuja moja tu, bado, bado, wasiwe wamekula, bado.

Nyiransabimana alikuwa amekaa mlangoni, sufuria ya sombe ya majani ya muhogo mbele yake, uso wa sombe ukimeta kwa mafuta mekundu.

"Umetoka mapema," alisema. "Nini imetokea? Umefukuzwa?"

Sebahire alichukua sufuria, ikamchoma vidole, akaimwaga nyuma ya nyumba. Akarudi, akachukua dumu.

"Wewe baba Rukundo! Una wazimu? Tutakula nini?"

"Si leo," alisema. "Si hii."

"Njo nini basi?"

Barabarani lori lilipita likipanda kuelekea Masisi, mapipa yamefungwa kamba, muhuri ukionekana waziwazi kwenye kila pipa. Mtu aliyekaa juu ya mzigo aliwapungia mkono.

Hapo ndipo alipomwona Rukundo, ameketi nyuma ya mama yake na sahani ndogo ya bati iliyolambwa ikaisha. Midomo ya mtoto ilikuwa ya rangi ya machungwa, inang'aa.

Sebahire alipiga magoti. Alivua shati, akampangusa mdomo kwa upande uliokuwa safi, kisha kwa upande mwingine, kisha kwa kiganja. Rangi haikutoka. Akapangusa tena.

Mtoto alicheka. Alidhani ni mchezo, akamwinulia baba yake uso apanguswe tena.