Kadi Niliyosema Imekufa

Mama Katarina aliniletea kompyuta yake Jumatatu moja ya mwezi wa sita, ameiviringisha kwenye kanga na kuiweka kikapuni juu ya mchele aliotoka kuununua. Kibanda changu cha ufundi kiko mtaa wa nyuma ya soko, hapa Tabora mjini. Nilimfahamu kwa sura tu. Alikuwa mkunga mstaafu, anakaa Cheyo peke yake, na wengi wa rika langu walizaliwa mikononi mwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Raymundi?"

"Ndiye mimi."

"Hii inajizima yenyewe. Niko katikati ya maongezi, inazima. Nimeambiwa wewe unaziweza."

Niliiwasha, ikachukua karibu dakika kumi kuamka. Nikamweleza kwamba windo yake, ile programu inayoendesha kompyuta nzima, imeharibika, na dawa yake ni kuifuta na kuweka nyingine mpya. Akauliza kama picha zake zitapona. Nikamwambia nitazihamisha kwanza, na kweli nilizihamisha zote. Hilo nililifanya sawasawa.

"Jumapili nitakuwa nayo?" akauliza.

"Kesho kutwa utakuwa nayo, mama."

Ndipo akanieleza habari ya Jumapili. Alikuwa na mdogo wake, Martha, kiziwi tangu ana miaka miwili, alipougua homa kali kwao Usinge. Enzi hizo hakuna shule ya viziwi iliyokuwa karibu, basi hao watoto wawili wakajitungia lugha yao ya mikono uani kwao, na hakuna mtu mwingine aliyeijua vizuri. Akanionyesha kidogo pale pale kibandani. Babu yao aliwahi kuwa mpagazi, alibeba mizigo ya misafara mpaka pwani akiwa kijana, na bega lake la kulia lilikuwa na nundu ngumu kama goti. Kwa hiyo "babu" ilikuwa kugusa bega mara moja. Kulipiga mara mbili ilikuwa "safari".

Sasa Martha alikuwa Songea, kwa binti yake Elieth. Kila Jumapili baada ya misa, saa nne, dada hao wawili waliketi kila mmoja mbele ya kamera na kuongea mpaka mikono ichoke. Simu haikumfaa Mama Katarina. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na vidole vya Martha kwenye kioo kidogo vilikuwa kwake kama majani yanayotikisika. Alihitaji kioo kipana.

Jumanne asubuhi nikaifuta kompyuta na kuweka windo mpya. Ikawaka haraka, safi, nikafurahi. Kisha nikatafuta waifai ili niiunganishe, sikuiona. Pale chini penye alama ya mtandao palikuwa na duara lililokatwa mstari. Nikaizima, nikaiwasha. Nikabonyeza kitufe chenye picha ya ndege, nikidhani mawasiliano yamezimwa. Hakuna. Nikafungua orodha ya vifaa vilivyomo ndani, nikakuta kimoja kina alama ya njano, kimeandikwa hakijulikani.

Fundi yeyote anajua maana yake. Windo mpya ilikuwa haina draiva, ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuongea na kadi yake ya waifai. Ile ya zamani nilikuwa nimeifuta pamoja na vyote, na sikuwa nimeandika hata jina la kadi. Nilikuwa na flashi yenye draiva za aina nyingi, nikazijaribu moja moja mpaka saa nane mchana. Zote zilikataa, nikaanza kuishuku kadi yenyewe. Kompyuta yenyewe ilikuwa ile nyembamba isiyo na tundu la waya wa mtandao, kwa hiyo nikaona hakuna njia ya kuipatia intaneti ili ijitafutie yenyewe.

Mkabala na kibanda changu kulikuwa na duka la Shukrani. Alikuwa amefungua mwaka mmoja tu uliopita, anatengeneza simu na kompyuta, na wateja wangu wawili watatu walikuwa wameshahamia kwake. Ningevuka barabara, hatua ishirini, nikamuuliza. Sikuvuka. Nilikuwa fundi wa miaka kumi na minne.

Jumatano Mama Katarina alipokuja nilikuwa nimefungua mfuniko wa chini, nimeichomoa kadi na kuisugua miguu yake kwa kifutio cha penseli. Niliirudisha mbele yake, nikawasha. Alama ya njano ilikuwa pale pale.

"Imekuwaje?" akauliza.

Nikamjibu bila kumtazama. "Kadi ya waifai imekufa, mama. Nitaagiza nyingine Dar."

"Imekufa hivyo tu? Jumapili ilikuwa inafanya kazi."

"Zinakufa hivyo hivyo."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na sababu ya kutoniamini.

Jumapili ya kwanza ikapita. Elieth alimpigia simu ya kawaida, akamwambia kwamba Martha amekaa mbele ya simu tangu saa nne na hataki kuondoka. Mama Katarina alinisimulia hayo Jumatatu, kwa upole, kama mtu anayeulizia tu. Nilikuwa nimeshaagiza kadi, hilo lilikuwa kweli. Rafiki yangu Dar aliahidi kuituma kwa basi, akachelewa, na mimi sikumsukuma. Kila siku niliiwasha ile kompyuta, nikaitazama alama ya njano, nikaizima, nikashika kazi nyingine.

Jumapili ya pili ikapita. Kesho yake alikuja mapema, kabla sijapanga meza. Hakuwa na kikapu.

"Raymundi, mwanangu, niambie ukweli. Elieth anasema Martha ana neno anataka kuniambia. Elieth anazijua ishara za kula na kulala tu, hizo nyingine hazijui. Anasema mama yake anarudia jambo lile lile, kisha anakasirika na kulia. Nilijaribu simu ya jirani, sikuona kitu. Kama haitengenezeki, niambie. Nipande basi niende."

"Songea ni mbali, mama. Siku mbili njiani, na miguu yako hiyo."

"Najua ni mbali. Nakuuliza kama itapona."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Bado naisikia sauti yake ilivyokuwa, haina lawama, anataka tu kujua apange safari au asipange. Nikamwambia, "Itapona. Subiri Jumamosi."

Akasubiri. Jumamosi kadi haikufika. Jumapili ya tatu sikufungua kibanda. Nilikwenda ibadani, nikarudi nyumbani na kukaa ndani.

Kadi ilifika Jumatano. Niliifunga, nikawasha kompyuta, nikafungua orodha ya vifaa. Alama ya njano. Jina halijulikani. Niliketi nikaitazama. Ile ya zamani haikuwa imekufa. Haikuwahi kuumwa.

Alhamisi asubuhi nikavuka barabara. Shukrani alikuwa anafagia mlangoni.

"Dada Shukrani, habari za asubuhi. Nina kompyuta imenishinda."

Hakucheka. Aliweka ufagio, akaipokea, akatazama ile orodha. "Draiva," akasema. "Umeijaribu kwa simu?"

"Kwa simu vipi?"

Akachukua simu yake, akaichomeka kwenye kompyuta kwa waya ule ule wa kuchajia, akaingia kwenye mipangilio ya simu na kuwasha sehemu ya kugawa intaneti kwa waya. Kompyuta ikapata mtandao. Akaiamuru ijitafutie kilichopungua. Ikatafuta, ikapakua, ikajizima na kuwaka. Alama ya njano haikuwepo, na majina ya waifai za majirani yakajipanga pale chini. Nikamwomba arudishe kadi ya zamani, ajaribu na hiyo. Akarudia vile vile. Ikakubali.

Kazi yote ilichukua chini ya nusu saa. Simu na waya vyote nilikuwa navyo mfukoni wiki zote tatu.

Nikapanda bodaboda mpaka Cheyo. Nikaona kanga za wanawake wengi mlangoni kwa Mama Katarina, nikadhani ni jumuiya wamekuja kusali. Alipoona nilichobeba akainuka kwenye mkeka.

"Martha ameanguka jana mchana," akasema. "Amepooza upande wa kulia. Nipe hiyo."

Nikamwekea mezani, nikamuunganishia kwenye kile kisanduku chake cha intaneti, nikampigia Elieth. Uso wa Elieth ukatokea, umevimba kwa kulia, kisha akageuza kamera kwenye kitanda cha hospitali. Nilimwona Martha kwa mara ya kwanza. Alifanana na dada yake, ila mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mama Katarina akasogea karibu na kioo, akainua mikono, akaanza kuongea naye. Vidole vyake vilikwenda haraka, nikashindwa kuvifuata. Martha alimtazama. Machozi yakamtoka jicho moja. Mkono wa kulia ulilala kwenye shuka. Ule wa kushoto ukainuka kidogo, ukazunguka hewani, ukaanguka, ukainuka tena ukafanya vile vile.

"Sielewi," Mama Katarina akasema, kwa sauti, ingawa mdogo wake hakuweza kumsikia. "Martha, sielewi unachosema."

Wanawake wakaanza kuondoka polepole. Nami nilitaka kuondoka. Nikabaki mpaka walipokata simu.

"Mama," nikasema, "ile kadi haikufa. Ilikuwa draiva tu. Shukrani ameitengeneza leo asubuhi kwa nusu saa."

Aliifunga kompyuta, akaweka viganja vyake juu yake. "Wewe ulijua lini?"

"Jana ndiyo nilijua kadi ni nzima. Lakini kwamba imenishinda, nilijua tangu siku ya kwanza."

Nje kuku walikuwa wanaparua.

"Ungeniambia hilo tu," akasema. "Sikuhitaji ujue kuitengeneza. Nilihitaji kujua kama nipande basi."

Nilimwomba msamaha, akasema amesikia. Hakusema zaidi ya hapo.

Alisafiri Jumamosi asubuhi. Nilikwenda stendi kumbebea begi, akaniruhusu. Alipanda ngazi za basi kwa shida, akashika kiti, hakugeuka kunitazama, na sikutegemea ageuke. Alikuwa ameshaniambia nisimtumie chochote, si pesa wala salamu. Mlango ukafungwa.

Martha aliishi miezi mitano mingine. Hayo niliyapata mwezi wa kumi na mbili, Mama Katarina aliporudi Tabora na kupita mtaani kwetu. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, akaitikia, nikampa kiti, akakaa.

"Tulijaribu kuufundisha mkono wa kushoto," akasema. "Ukajua maji. Ukajua hapana. Ukajua jina langu. Lile neno lake hakulifikia. Nilimtajia kila nililoweza kulifikiria. Nikamuuliza, ni shamba la Usinge? Ni Elieth? Ni mama? Akawa anatikisa kichwa. Mwisho akachoka, nami nikaacha kumuuliza, maana niliona namtesa."

"Mama, mimi—"

"Ulishaniomba msamaha, Raymundi. Mara moja inatosha." Alivuta kanga yake vizuri. "Sikukuwekea kinyongo. Ila nikilala nafikiria zile Jumapili tatu, na wewe umo ndani yake. Siwezi kukuondoa."

Nikamwambia naelewa. Nilitaka anitukane, ingekuwa rahisi zaidi, lakini hakuwa mtu wa kutukana.

Kisha akasema Elieth ameomba waendelee kuongea Jumapili, yeye na wajukuu, na kompyuta tangu arudi inatoa sauti ya kukwaruza. Alikuwa nayo mkobani. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kuipokea.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Naipeleka pale."

Akainuka, akasubiri pikipiki mbili zipite, akavuka barabara taratibu. Shukrani alimwona kupitia dirisha. Alinitazama mara moja, kisha akatoka na kiti, akakiweka kivulini mlangoni kwake, akampokea mkoba.